Aya ya Mwisho Haikusomwa

Mwanangu Tabitha,

Salamu zangu ningeweza kukupa kwa mdomo, maana uko hatua chache tu kutoka hapa nilipoketi. Nakusikia uani ukitwanga na mama yako, mchi wako na mchi wake ikipokezana. Jua bado liko juu ya mawe ya kilimani. Likishuka nyuma yake nitakuwa nimemaliza, au nitakuwa nimeshindwa tena.

Ya unga, ya chumvi, ya mkeka na ya kutotembea peke yako, mama yako ameshakuambia, na kesho atayarudia njia nzima mpaka masikio yakuume. Huko sina la kuongeza. Nina jambo moja tu, nami nimelikalia miaka minane.

Unakwenda Newala kufundisha watoto kusoma na kuandika. Utakaa kwa bibi yako, mama wa mama yako. Kila asubuhi utateremka kisimani kwa ngazi alizochimba mjomba wako Chilumba, na watu wa kule watakusimulia habari zake, kila mmoja kwa namna yake. Nataka ya kwangu uipate kwanza. Habari iliyomwua mjomba wako niliiandika mimi.

Usiache kusoma hapo. Nakuomba ufike mwisho.

Wewe umenijua kama seremala anayefundisha hesabu asubuhi na kupiga randa mchana. Wakubwa zako walinijua kama mwalimu wa insha. Nilijifunza kazi hiyo hapa hapa Masasi, kwa mwalimu mmoja mtu wa Unguja, mwembamba, asiyependa kelele. Siku ya kwanza aliweka mtungi juu ya meza akasema, "Nielezeni huu." Mmoja wetu akasema ni mtungi, ni wa udongo, ni wa maji. Mwalimu akatikisa kichwa. "Umenitajia, hujanieleza. Mtu ambaye hajapata kuona mtungi bado hajui kitu."

Akatufundisha njia zake, moja baada ya nyingine, mwaka mzima. Sema kwanza kitu ni nini, na si nini. Kigawe mafungu. Kiweke kando ya mwenzake uone vinafanana wapi na vinaachana wapi. Eleza kinavyofanywa, tangu mkono wa kwanza hadi wa mwisho. Toa mfano. Sema kilizaliwa na nini na kimezaa nini. Na juu ya mpango wa yote alikuwa na neno moja alilolipenda sana: "Jambo zito liwekeni mwisho, msomaji aondoke nalo."

Niliyameza maneno yale kama mtu aliyeshinda na njaa. Niliandika insha juu ya miti ya kujengea, ipi ya nguzo, ipi ya fito, ipi ya kuni tu, na mwalimu akaisoma mbele ya wenzangu wote. Tangu siku ile nikaona hakuna kitu duniani kisichoweza kupangwa namna ile. Watu wenye mashauri yao walikuja kwangu niwapangie maneno, nami nilijisikia. Mama yako alikuwa akinicheka. "Hata ukiniomba maji ya kunywa," alisema, "unaanza na maana ya kiu."

Vita ya kumpinga Mdachi ilipofika ulikuwa na miaka tisa, kwa hiyo baadhi ya haya unayakumbuka. Unakumbuka moshi. Unakumbuka tulivyopita mashamba ya Mkomaindo tukikimbia, na kwamba ulichomwa mwiba, na kwamba siku ya tatu, tulipoanza kupanda uwanda wa juu, mtu mrefu alikuja kutupokea akakubeba mabegani hadi Newala. Huyo ndiye mjomba wako. Alikuwa amesikia Masasi inaungua akateremka kututafuta, bila kujua kama tupo hai.

Nikueleze Chilumba. Unaona, mkono wenyewe unataka kuanza na maana na mafungu. Nitakueleza kwa yale aliyoyafanya.

Newala hakuna maji juu. Utaona mwenyewe. Wanawake huteremka genge lile lote kufuata kisima cha bondeni, na kupanda na mtungi kichwani ni nusu ya siku. Mwaka mmoja bibi yako aliteleza akavunjika mkono. Chilumba alichukua jembe, tindo na nyundo, akaanza kukata ngazi kwenye mwamba, kidogo kidogo, kila alipotoka shambani. Ilimchukua misimu miwili. Watu walimcheka kwanza, kisha wakapita juu ya kazi yake. Alipomaliza alimwita mama yake akamwambia, "Mama, jaribu." Bibi yako akashuka, akapanda, akasema, "Ya saba imekaa vibaya." Chilumba akairudia ile ya saba.

Sisi wakimbizi tulikaa kwake pamoja na watu wengine kumi na zaidi. Alitugawia maji kwa kata moja asubuhi na kata moja jioni, na yeye alikuwa wa mwisho kunywa.

Tukiwa pale, wajumbe wa ile dawa walifika bondeni. Walisema mtu akinywa maji yao na kunyunyiziwa kichwani, risasi za Mdachi zitageuka maji. Watu wanne wa Newala walishuka kuwasikiliza, na Chilumba alikuwa mmoja wao. Nilimwuliza kwa nini anakwenda. Akanijibu, "Shemeji, mtu akiniletea neno langoni kwangu, nitajuaje ni la kukataa kabla sijalisikia?"

Alirudi jioni ile ile. Tulikuwa tumekaa barazani, mama yako anakuchana nywele. Akakaa chini, akapangusa vumbi miguuni, akasema:

"Nimewasikia. Hasira yao naijua, hata mimi ninayo. Nani hapa hajachapwa viboko kwa ajili ya kodi? Lakini shemeji, sisi hapa tunapanda genge nusu ya siku kwa mtungi mmoja. Mtu akiniambia ana maji ya kumwaga bure kichwani mwangu, namwuliza kayateka wapi."

Mama yako alicheka mpaka akadondosha kitana. Kesho yake Chilumba alipita nyumba hadi nyumba akiwaambia vijana wasishuke. Wengi walimsikiliza. Ndiyo sababu nyumba zile zipo hadi leo.

Sasa sikiliza yaliyofuata.

Vita ilipotulia tulirudi Masasi kujenga upya. Askari walikuja, na pamoja nao ofisa mmoja wa Kidachi aliyepiga hema chini ya mawe ya kilimani. Alitaka kujua ile dawa iliingiaje nchi hii, nani aliipokea, nani aliipitisha. Kila siku waliletwa watu wamefungwa. Yeye hakujua Kiswahili cha kutosha, akawa na mkalimani wake mtu wa pwani. Wakaulizia mtu mwenye mwandiko mzuri na akili ya kupanga habari. Watu walinitaja mimi.

Sitakuambia kwamba sikuogopa. Niliogopa sana. Mtu aliyeitwa asiende, alihesabiwa pamoja na waasi. Lakini hofu haikuwa peke yake, na hili ndilo ambalo sijapata kulisema: nilifurahi pia. Nilipewa meza, karatasi safi na siku tatu. Nikawaza, hapa sasa nitaandika insha ambayo mwalimu wangu angeisoma mbele ya watu. Nikawaza pia kwamba nikiieleza vizuri, Mdachi ataelewa, na akielewa ataacha kufunga watu ovyo. Niliamini hivyo kweli, mwanangu. Niliamini kwamba mtu aliyeelezwa vizuri hawezi kutenda vibaya.

Niliandika aya sita. Ya kwanza ilisema dawa ile ni nini. Ya pili ilieleza ilivyosafiri kijiji hadi kijiji, hatua kwa hatua. Ya tatu iligawa watu mafungu: walioinywa, waliokwenda kuisikiliza, na waliokimbia. Ya nne ilitoa mfano.

Kwa fungu la walioinywa sikumtaja mtu. Nilijua kumtaja ni kumwua, na waliokuwa wamekwisha kufa walitosha. Kwa fungu la waliosikiliza niliona hakuna hatari, kwa sababu mtu niliyemfikiria alisikiliza akakataa. Nikaandika: *Kwa mfano, Chilumba wa Newala aliposikia wajumbe wamefika bondeni, alishuka pamoja na wenzake watatu, akakaa nao, akasikiliza maneno yao yote.* Nikaishia hapo. Aya ya tano ilieleza sababu za vita, kodi, viboko na kazi ya nguvu, nami niliilainisha sana. Ya sita niliiweka kama taji. Nililinganisha aliyesikia akanywa na aliyesikia akakataa, na pale ndipo nilipoweka maneno ya mjomba wako juu ya maji kutekwa wapi, na jinsi alivyopita nyumba hadi nyumba.

Nilijua tangu mstari wa kwanza kwamba maneno yale nitayaweka mwisho. Yalikuwa mazuri mno kuyatoa mapema.

Siku ya kuisoma nilisimama mbele ya hema. Ofisa aliketi, mkalimani akasimama kando yake, akasoma na kutafsiri, mstari kwa mstari. Aya ya kwanza, ofisa anatikisa kichwa kukubali. Ya pili, anaandika kidogo. Ya tatu, anatazama juu. Ya nne ilipofika kwenye jina, aliinua mkono.

Mkalimani akanyamaza. Ofisa akasema maneno mawili matatu. Mkalimani akanigeukia.

"Huyu Chilumba anakaa wapi?"

Nami nikajibu, Tabitha. Niliulizwa swali na nilizoea kujibu maswali. Nikasema, "Newala, nyumba iliyo juu ya ngazi za kisima."

Ofisa akaandika. Kisha akasema neno moja, na mkalimani akaanza kukunja karatasi.

"Bado kuna mwisho, bwana," nikasema.

Mkalimani alinitazama. Nadhani alisikia. Nadhani, maana sauti yangu ilikuwa ndogo, ya mtu anayeomba radhi. Hakutafsiri. Pengine naye aliogopa kumrudisha bwana wake nyuma. Ofisa alichukua karatasi kutoka mkononi mwake, akaitazama, akasema kwa Kiswahili chake, "Mwandiko mzuri."

Nikasema, "Asante, bwana."

Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho katika habari ile. Aya mbili zilikuwa bado zimekunjwa mkononi mwake, na katika ile ya pili kulikuwa na uhai wa mtu. Nami nilisema asante nikarudi nyumbani.

Wakaenda kumchukua. Alipoletwa alikuwa na kamba shingoni, wa nne katika mstari wa watu saba. Nilikwenda njiani kumwona. Nilitegemea atanitukana. Askari aliyewaongoza alisimama kunywa maji, nasi tukapata nafasi ya kusema.

"Shikamoo, shemeji," alisema. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko mimi. Nilisimama mbele yake sijui pa kuweka macho.

"Usiniamkie hivyo," nikasema.

"Wananiambia umeniandika."

"Nimekuandika vizuri. Hawakufika mwisho."

Hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu anayetaka kuelewa jambo. Akaniuliza, "Kwani huko mwanzo umesema mimi ni mtu wa namna gani?"

Nilikuwa nimesema ni wa fungu la pili. Askari akavuta kamba, wakaenda.

Asubuhi ya pili yake walimnyonga pamoja na wale sita. Bibi yako alikuwa ameondoka Newala kwa miguu na kikapu cha ugali wa muhogo na samaki mkavu wa mtoni, apate kumlisha mwanawe kifungoni. Alifika mwanawe tayari amezikwa. Alikaa na kile kikapu mapajani muda mrefu. Kisha akanyanyuka, akaenda kwa wafungwa waliobaki, akawagawia chakula kile mpaka kikaisha, akawaambia, "Kuleni, kimepikwa kwa ajili ya mtu."

Watu waliniuliza, nami niliwaambia, "Mzungu hakusoma mpaka mwisho." Ni kweli. Wakanihurumia. Mama yako alinihurumia. Bibi yako, mkwe wangu, ambaye kwa heshima hatutazamani usoni, alituma mtu aniambie nisijilaumu, kwamba mimi niliandika mema nao wakayasoma nusu. Nimeishi ndani ya huruma hiyo miaka minane. Hakuna aliyejua kwamba nilikuwepo ikisomwa. Wote walidhani niliipeleka karatasi nikaondoka, nikaja kusikia baadaye.

Unakumbuka niliacha kufundisha insha? Nilijaribu. Nilisimama ubaoni nikachora mafungu matatu, nikageuka kuwaambia watoto watoe mfano, na mtoto mmoja akainua mkono. Nilitoka nje, nikaacha chaki mlangoni. Padre alidhani ni homa. Tangu hapo mjomba wako huja, na hanijii usiku kama wanavyosema watu juu ya wafu. Hunijia mchana kweupe, nikiwa napiga randa, nasikia nyundo juu ya mwamba, mahali ambapo hapana mwamba. Nikisimamisha kazi, nayo inasimama. Mara nyingine nikimweleza mteja namna ya kutunza mlango, nafika katikati ya maneno, nasikia mtu nyuma yangu anauliza taratibu, namna gani? Nageuka, ni ukuta.

Sikuambii haya ili usiwafundishe watoto wa Newala kueleza mambo. Wafundishe. Wafundishe njia zote, hata ya mafungu. Ila mti ukiuweka katika fungu la kuni na kumbe ni wa nguzo, umepoteza nguzo moja. Mimi nilichukua mtu aliyekuwa na mambo mia, nikamweka mahali kwa lile moja la kushuka bondeni. Na mfano, mwanangu, mfano una mama. Mimi niliuweka kwenye karatasi kwa sababu aya yangu ilionekana tupu bila jina.

Juu ya lile la kuweka jambo zito mwisho, mwalimu wangu hakukosea. Alitufundisha kwa ajili ya msomaji mwenye subira, aliyeketi, asiye na kamba mkononi. Mimi ndiye sikumtazama msomaji wangu. Nilitazama karatasi yangu.

Hata hivyo si mpango wa aya unaonitesa. Ningeweka maneno yale mwanzo au mwisho, bado nilikuwa na mdomo. Ningeweza kusema mara ya pili.

Leo mchana, kabla sijaketi kuandika, nilimwambia mama yako. Wewe ulikuwa umekwenda kuaga kanisani. Alikuwa anapepeta unga, nami nikamwambia yote nikiwa nimesimama: kwamba nilikuwepo, kwamba nilitaja nyumba, kwamba nilisema asante. Ungo ulisimama mikononi mwake.

"Ulisema mara ngapi kwamba kuna mwisho?" aliniuliza.

"Mara moja."

"Kwa sauti gani?"

Nikamwonyesha.

"Sijasikia," alisema mama yako, naye alikuwa karibu yangu kama kalamu hii ilivyo karibu na karatasi.

Nikasema tena. Akatikisa kichwa. Nikasema kwa nguvu, halafu kwa nguvu zaidi, mpaka kuku wakatawanyika na jirani akachungulia uani kuuliza kuna nini. Mama yako aliweka ungo chini, akaingia ndani, akakaa huko kwa muda. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Akachukua mchi. Ulipoingia ukamkuta anatwanga, ukashika wa pili, na tangu hapo hajanisemesha. Sijui kama atanisemesha kesho. Ndiye dada yake Chilumba, hana deni la kunifariji.

Tulikuwa tumepanga mama yako akusindikize na mimi nibaki na kazi. Nimebadilisha. Nitakwenda nanyi hadi Newala, siku zote tatu, nikitembea nyuma kama hatataka niwe karibu. Nisingekuwekea mzigo huu wewe umpelekee bibi yako. Nakupa barua hii uisome tutakapopumzika njiani, ili tukifika usiwe wa mwisho kujua. Ukitaka kunirudishia, nirudishie. Ukitaka kutonisemesha, mna haki wote wawili.

Kwa adabu zetu mkwe hazungumzi na mama mkwe uso kwa uso, nami ningehitaji mtu wa kupokea maneno yangu na kumpa. Nitamwomba asinipe mtu wa kati, nimwambie kwa mdomo wangu. Nitakaa chini mlangoni mwake.

Tangu adhuhuri napanga nitakavyosema. Kwanza niliona nianze na Chilumba: kwamba alikataa, kwamba aliwaokoa vijana wa nyumba zile, kwamba maneno yake yalikuwa mazuri na niliyaandika yote. Ni kweli, na mama yake anastahili kuyasikia. Lakini nikayatazama nikaona ninafanya yale yale. Ninayatanguliza mazuri yake ili sehemu yangu ikae nyuma, mahali ambapo kikongwe amekwisha kulia na kuchoka, huenda akainua mkono akasema inatosha, mwanangu, nenda ukapumzike. Nami ningekwenda.

Kwa hiyo nitaanza hivi: "Mama, nilikuwepo. Waliniuliza anakaa wapi, nikawaambia."

Baada ya hapo sijapanga.

Baba yako.